Liemba ina miaka mia, na Baraka imo katika hesabu

Tarehe 16 Mei 2027 meli ya Liemba inatimiza miaka 100 tangu ilipoanza kazi kwa jina hilo. Kigoma watapandisha bendera, watapiga ngoma, wakubwa watahutubu, na hakuna wa kuwaonea kijicho: bandari ni yao, mabaharia ni wao, gharama ni zao. Lakini ziwa Tanganyika si lao peke yao. Sisi wa nchi ya Fizi, ng'ambo ya magharibi, upande wa Kongo, kuanzia Makobola, uteremke Swima, Mboko, Baraka mpaka Yungu, tuna fungu letu katika sherehe hii, na tunaliomba hadharani.

Fungu hilo linaanzia pabaya. Kabla ya kubeba gunia moja la mahindi, meli hii ilikuwa chombo cha doria chenye mzinga, na upande uliokuwa ukichungwa ni huu wetu. Watu wa Fizi wanazijua boti za doria. Zimepita mbele ya macho yao za kila rangi na kila bendera, kwa miaka mia na zaidi, na nyingi zimesahaulika pamoja na waliozileta. Hii moja ndiyo iliyoacha bunduki ikabaki inasafirisha watu. Ndiyo maana tunaisherehekea.

Ilijengwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer, kisha ikafumuliwa yote. Vipande vyake vilifungwa ndani ya makasha 5,000, vikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, vikapanda treni ya reli ya kati ambayo wakati huo ndiyo kwanza ilikuwa imefika Kigoma. Fundi mkuu, Anton Rüter, alitumwa na karakana aje aiunge upya. Yeye na wenzake wachache walisimamia. Jasho lilikuwa la vibarua wa huku na la mafundi wa Kihindi, wakikaza ribiti moja baada ya nyingine juani. Iliposhushwa majini tarehe 5 Februari 1915 iliitwa Graf von Götzen. Jina hilo tusilipite haraka haraka. Götzen ndiye aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa vita vya Majimaji, na kusini mwa Tanzania bado wanazo sababu za kutomtaja kwa heshima. Meli yetu ya yubile, basi, ilibatizwa jina la mtu aliyeacha makaburi na njaa.

Vita vya wakubwa vilikuwa vimekwisha kufika ziwani. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ndogo ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, iliishambulia Alexandre Delcommune, meli ya Wabelgiji, ikaiacha haifai kwa safari. Tangu siku ile aliyeshika Kigoma alishika ziwa. Götzen ilipoongezeka, hesabu ilifungwa kabisa. Urefu wake ni kama mita 70, na juu ya sitaha ulifungwa mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari Königsberg, ile iliyoishia kwenye matope ya delta ya Rufiji. Mwendo wake ulikuwa wa polepole. Lakini mzinga wa namna hiyo haukimbizani na mtu. Iliweza kupakia askari mamia jioni na kuwashusha mahali pengine kabla ya jua, na ufuko wote wa Kongo, kilomita kwa kilomita, ukawa hauna usalama. Mvuvi wa rasi ya Ubwari aliyewasha taa yake usiku kuvuta ndakala alijikuta katikati ya wakoloni wawili wanaowindana, na wala hakuna aliyemuuliza yeye yuko upande gani.

Waingereza walijibu kwa kichekesho. Walileta boti mbili za injini, Mimi na Toutou, urefu wa mita 12 tu kila moja, kutoka London mpaka Cape Town kwa meli, kisha kwa reli mpaka Katanga, kisha zikaburutwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe. Ni safu ile ile ya Mitumba inayosimama nyuma ya Baraka, ila huko ni mbali sana kusini. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa mtu wa mbwembwe aliyependa kuvaa sketi mbele ya askari wake. Wenyeji wa Lukuga, alikopiga kambi, walimshangaa na yeye akafurahi kushangaliwa. Tarehe 26 Desemba 1915 boti zake ziliiteka Kingani ya Wajerumani, wakaipa jina la Fifi, na kwa Fifi hiyo hiyo wakaizamisha Hedwig von Wissmann tarehe 9 Februari 1916. Ilibaki Götzen. Spicer-Simson hakuthubutu kuishambulia. Kumbe mizinga ya kweli ilikuwa imeshashushwa ikapelekwa vitani nchi kavu, na kilichobaki pale juu kilikuwa cha kudanganyia macho.

Hesabuni sasa maisha yake ya kijeshi. Kutoka kushushwa majini mpaka kuzamishwa haikufika miezi kumi na minane, na sehemu ya mwisho ililinda ziwa kwa mizinga ya bandia. Boti ya doria ya siku hizi, ikitunzwa vizuri, hupewa umri wa miaka ishirini hadi thelathini. Kama chombo cha vita, basi, Götzen ilikuwa hasara tupu, fedha nyingi za mfalme wa Ujerumani zilizopakiwa kwenye makasha 5,000 na kufunguliwa kwa ajili ya mwaka mmoja na nusu wa kutisha watu.

Ni hapo ndipo fundi Rüter anapoingia kwa mara ya pili, na kama sherehe ya Kigoma itasimamisha sanamu ya mtu yeyote, tungeomba iwe yake akiwa ameshika kopo la grisi. Julai 1916 Wabelgiji walikuwa wanakaribia Kigoma, ndege zao za majini zilikuwa zimeshadondosha mabomu bandarini mwezi uliotangulia. Amri ikatoka: meli izamishwe isije ikatekwa. Rüter na wenzake walitii. Lakini kabla ya kufungua maji walizipaka injini grisi nzito, wakaifunika mitambo kila mahali ambapo maji yangepata njia ya kula chuma. Walijaza mchanga ndani ili ikae chini imetulia. Kisha, tarehe 26 Julai, wakaipeleka karibu na mdomo wa mto Malagarasi, mahali penye kina cha kama mita 20 tu katika ziwa ambalo kina chake hufika mita 1,470, wakaiacha iende chini taratibu. Siku mbili baadaye Kigoma ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji.

Fikirini hali ya mtu yule. Nchi yake inashindwa, adui yuko mlangoni, na yeye ana haraka ya kuondoka. Angeweza kutega baruti akamaliza kazi kwa dakika. Badala yake anakaa ndani ya chumba cha injini, joto la Julai la Kigoma limembana, anapaka grisi kwenye chuma ambacho huenda hatakiona tena. Alifikiri pengine Wajerumani watarudi waiinue. Hawakurudi. Waliokuja kunufaika ni akina mama wa Kirando na wauza samaki wa Kipili, kwenye ufuko wa Tanzania, watu ambao hawakuwamo kabisa katika mawazo yake.

Wabelgiji walijaribu kuinua meli ile, wakaivuta mpaka Kigoma, na dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika walijaribu wao, na tarehe 16 Machi 1924 ikaibuka. Walipokwangua matope wakakuta grisi imefanya kazi yake: injini na mitambo ya mvuke vilifaa kutengenezwa. Ikakarabatiwa, ikapewa jina la Liemba, jina la zamani la upande wa kusini wa ziwa, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kubeba abiria na mizigo. Hollywood nayo haikukaa kimya. Riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, iliyotokana na vita hivi vya ziwani, ilifanywa filamu mwaka 1951, The African Queen, na sehemu yake ikapigwa humu humu Kongo. Ndani ya filamu manowari ya Wajerumani inalipuka na kuzama mwishoni. Watengeneza filamu hawakuwa na subira na mambo ya grisi.

Tangu hapo meli imepita mikono mingi: reli na bandari za Afrika Mashariki chini ya mkoloni, kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki mpaka ilipovunjika mwaka 1977, kisha Shirika la Reli Tanzania, kisha kampuni ya huduma za meli. Miaka ya 1970 mvuke uliondolewa ikawekwa dizeli. Mwaka 1993 Denmark ilisaidia ukarabati mwingine. Miaka hii ya karibuni imekaa gatini Kigoma kwa muda mrefu ikingoja mafundi, na serikali ya Tanzania ikatia saini ya ukarabati mkubwa. Kila kizazi kimekuwa na akina Rüter wake, na wengi wao majina yao hayamo katika kitabu chochote. Mwenye sherehe awatafute waliobaki hai, wastaafu wa chumba cha injini, wakae mstari wa mbele.

Mtu ambaye hajawahi kuisubiri hawezi kujua jinsi ilivyokuwa. Njia yake ya kawaida ilikuwa Kigoma mpaka Mpulungu, Zambia, ikishuka na ufuko wa mashariki, na vituo vingi, kama Kirando na Kipili, havikuwa na gati. Meli inapiga honi, inasimama mbali kidogo, na boti za mbao zinatoka ufukweni zikikimbizana. Zinaigonga ubavuni pande zote. Mlango wa chuma umefunguliwa chini karibu na maji, na hapo panakuwa na mikono mingi kuliko watu: mtoto anapitishwa juu, mananasi yanapitishwa chini, mama ameshika kitenge kwa meno na gunia la ndakala kwa mikono miwili, kijana mmoja amesimama mguu mmoja botini na mwingine melini akipanga nani apande kwanza, na hakuna anayemsikiliza. Mbele, winchi inanyanyua mizigo mizito kutoka kwenye boti na kuimwaga tumboni mwa meli. Baada ya saa moja kelele inakatika, honi inalia tena, na mahali ambapo barabara haijafika pameshafanya biashara ya wiki.

Hiyo ndiyo huduma tunayoionea wivu. Tuseme wazi, kwa sababu tahariri ya kusifu tu haina faida kwa msomaji.

Ng'ambo yetu, serikali ikija kwa maji imezoea kuja na silaha. Mwaka 1965 ziwa hili lilijaa boti za doria. Tarehe 24 Aprili mwaka ule Che Guevara alivuka usiku kutoka Kigoma akashuka Kibamba, katika nchi ya Fizi, kuja kusaidia waasi wa Simba. Ili kukata njia ile ya Kigoma, shirika la ujasusi la Marekani lilileta boti za kasi za aina ya Swift, zikakabidhiwa kwa Wakyuba waliomkimbia Castro. Kwa hiyo usiku wa giza juu ya Tanganyika Mkyuba alikuwa anamwinda Mkyuba, na Mbembe wa ufuko huu mwenye mtumbwi yuko katikati, tena bila kuulizwa. Mwishoni mwa Septemba mamluki wa Mike Hoare walishuka Baraka kutoka majini, na mji ukapiganiwa kwa siku kadhaa. Tarehe 21 Novemba Che aliondoka kama alivyokuja, kwa boti, kwenda Kigoma.

Vita havikwenda naye. Laurent-Désiré Kabila, kiongozi wa waasi, alibaki milimani, na chama chake cha PRP kilichoanzishwa Desemba 1967 kikaifanya sehemu ya Fizi kuwa dola ndogo ndani ya Zaire ya Mobutu. Usiku wa 19 Mei 1975 watu wake walivuka ziwa mpaka Gombe, wakawachukua watafiti wanne wanafunzi waliokuwa katika kituo cha Jane Goodall, wakawaleta upande huu. Dunia nzima ilishangaa ilikuwaje boti zivuke kilomita hamsini na kitu pasipo mlinzi wa kuziona. Hapa hakuna aliyeshangaa. Mobutu alizitumia boti zake kuutenga ufuko, na wananchi wakaendelea kupita gizani, kwa sababu chumvi, sabuni na dawa zilikuwa Kigoma. Baadaye, katika vita vilivyoanza 1998, zilikuja boti nyingine, na za Umoja wa Mataifa pia. Askari wa majini wa Uruguay wa MONUC walifanya doria ziwani, wakaondoka. Hatuwadharau. Mvuvi anayenyang'anywa injini na nyavu na watu wenye bunduki anamtaka mlinzi leo kuliko jana. Tunachosema ni kwamba katika miaka mia na zaidi ufuko huu umeletewa walinzi wengi na meli za abiria chache mno.

Na ilipotokea kwamba watu wetu wanahitaji chombo kikubwa cha kuwabeba wakiwa hai, kilitoka Kigoma. Oktoba na Novemba 1996 vita viliposhuka na bonde la Ruzizi mpaka Uvira na Fizi, familia zilikimbilia majini kwa chochote kinachoelea. Ndipo kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, ilipofunguliwa, na mpaka leo ukiingia mle utasikia Kibembe kama uko Mboko. Mwaka uliofuata, Mobutu alipoanguka, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilizikodi Liemba na Mwongozo, meli nyingine ya Kigoma. Kwa miezi mitano Liemba ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, na meli hizo mbili zikarudisha watu zaidi ya 75,000.   Tunaitaja hesabu hiyo kwa sababu miongoni mwa waliobanana melini kulikuwa na watu wa Fizi waliorudi kuzika wazee wao na kupanda mihogo, na mwaka mmoja baadaye wengi wakakimbia tena. Makobola, mwishoni mwa Desemba 1998 na kuingia Januari 1999, watu mamia waliuawa. Walionusurika wengi waliishia ng'ambo ile ile, Nyarugusu ile ile.

Safari ya pili ya kurudi ilianza Oktoba 2005, na mara hii Mwongozo ilikuja mpaka Baraka hapa. Msomaji wa Baraka mwenye umri wa miaka thelathini na zaidi anakumbuka. Watoto walishuka wakiwa wanaongea Kiswahili cha Kigoma, chenye adabu nyingi na kasi ndogo, wakachekwa na binamu zao ufukweni. Mabati, masufuria na magodoro yalishushwa, na watu waliokuwa hawajaonana tangu utoto wakatambuana kwa sura za wazazi. Mji wa Baraka wa leo, na soko lake na misongamano yake ya pikipiki, umejengwa kwa sehemu kubwa na watu walioshuka siku zile.

Kisha ikaja zamu yetu ya kupokea. Mwaka 2015, mwaka ule ule ambao meli ilitimiza miaka mia tangu iliposhushwa majini kwa jina la gavana, Burundi ilichafuka. Makumi ya maelfu ya Warundi walirundikana Kagunga, kijiji chembamba kilichobanwa kati ya mlima na maji kaskazini mwa Kigoma, na kipindupindu kikaingia. Hakukuwa na barabara ya kufaa. Liemba ikapelekwa, ikasimama mbali na ufuko, boti za wavuvi zikawa zinaleta watu mpaka ubavuni mwake, namna ile ile ya Kirando na Kipili, na ikawapeleka Kigoma siku baada ya siku. Warundi wengine walikimbilia kwetu, wakawekwa Lusenda, katika ardhi ya Fizi. Tuliowahi kuwa wageni wa watu tukawa wenyeji, na ingawa palikuwa na manung'uniko ya kuni na mashamba, Lusenda ilisimama.

Sasa tuje kwenye maji yetu wenyewe. Desemba 2014 meli iliyoitwa Mutambala, jina la mto na sekta ya hapa Fizi, iliondoka Kalemie kwenda Uvira. Ilikuwa imejaa kupita kiasi na upepo ulikuwa mkali. Ilizama; hesabu rasmi ya waliokufa ilifika 129. Wengi walitoka katika nyumba za pwani hii, na matanga yalitandikwa kijiji hadi kijiji. Tuliambiwa mambo yatabadilika. Nendeni Baraka alfajiri yoyote mtazame. Hakuna gati la maana. Wabebaji wanaingia majini mpaka kiunoni, abiria yuko begani kwa mbebaji ili nguo zisilowe, simu kaiweka mdomoni. Boti ya mbao inapakiwa saruji kwanza, halafu mafuta, halafu katoni za bia, halafu watu wanakaa juu ya vyote hivyo. Jile za kuokoa maisha zipo, zimefungwa kamba pembeni, za kumwonyesha mkaguzi. Mwenye boti naye si mnyama: barabara ya taifa namba 5, ya Uvira mpaka Fizi na kuendelea, mvua ikinyesha inakatika, madaraja yanaondoka, na kila kizuizi kina mwenye kunyoosha mkono. Asipopakia sana halipi mafuta ya injini. Tangu maji ya ziwa yalipopanda, mwaka baada ya mwaka, hata ule ufuko wa kupakilia umemezwa sehemu, na nyumba za kando zimebaki na mikanda ya tope ukutani.

Ndiyo sababu tunasema yubile hii ni yetu pia, na hatutaki kuipamba kwa hotuba. Liemba imeishi karne kwa mambo ya kawaida sana: fundi anayepaka grisi, mkaguzi anayekataa safari injini ikilia vibaya, shirika ambalo hata likibadili jina haliuzi chombo kama chuma chakavu, na serikali inayokubali kwamba njia ya maji ni barabara na inastahili bajeti ya barabara. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho Kinshasa haiwezi. Kalemie kuna karakana na njia za reli zilizofika ziwani tangu 1915. Kalundu, Uvira, kuna bandari. Katikati ya hizo mbili kuna kilomita mamia za watu ambao kwao serikali ya majini ina sura ya askari akiomba karatasi.

Ombi letu la kwanza, basi, tunalipeleka Kigoma, kwa heshima zote kwa ndugu zetu. Mkimaliza sherehe, na meli ikiwa imethibitishwa kuwa nzima, iacheni ifanye safari moja kuja Baraka. Msituambie hakuna gati. Kagunga hapakuwa na gati, Kirando hapakuwa na gati, na Mwongozo ilikuja hapa mwaka 2005 bila sisi kuwa na gati. Ghuba yetu ya Burton imekingwa na rasi ya Ubwari upande wa mashariki, na upepo wa kusini wa kiangazi ukivuma huko nje, humu ndani maji huwa na nafuu. Boti za kuizunguka zipo tele, na vijana wa kusimama mguu mmoja botini na mwingine melini tunao wengi kuliko kazi.

Ombi la pili ni la kwetu wenyewe. DGM, yaani idara ya uhamiaji, na watu wa forodha wapelekwe ufukweni siku hiyo na mihuri yao, bei ya muhuri ibandikwe kwenye mti mahali ambapo kila mtu anaisoma, na wakubwa wa sekta za Mutambala na Tanganyika, pamoja na meya wa Baraka, wapande meli wakazungumze na nahodha kuhusu mambo mawili tu: kina cha maji mbele ya mji, na gharama ya safari moja kwa mwezi. Kikosi cha majini kilete boti yake ya doria ikae kando kulinda abiria. Tungependekeza wiki ya kwanza baada ya tarehe 16 Mei, kabla upepo wa kusini haujakaza. Mwenye kuthibitisha kwamba haiwezekani atuandikie, barua yake tutaichapisha yote.